Waliosogezwa Mara Mbili

Mwalimu wetu wa hesabu hakuwahi kumpiga mtoto wa mtu, na ndiyo sababu tulimwogopa kuliko walimu wengine wote. Mwalimu akishakuchapa, amemalizana nawe. Huyu hakumalizana na mtu. Ukimkosea alikutazama kidogo, akatoa kidaftari cheusi mfukoni mwa shati, akaandika neno moja au mawili, akakirudisha, kisha akaendelea na somo kwa sauti ileile. Mwezi ungepita, muhula ungepita, nawe umeshasahau kabisa. Ndipo lingekupata.

Nilikaa mbele ya ubao wake miaka minne, katika shule ya wasichana iliyokuwa juu ya mji wa Homa Bay, mahali ambapo ukisimama nyuma ya bweni unaliona gati lote na maghala yake. Ilikuwa miaka ya sitini, na ofisi nyingi mjini zilikuwa zimebadilisha picha ukutani bila kubadilisha viti. Mimi nilitoka Karungu, basi hakuniita kwa jina. Aliniita Nyar Karungu, binti wa Karungu, hata mbele ya wageni. Nami jina lake silitaji hapa, na si kwa sababu ya heshima.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye tai moja ya kahawia aliyoivaa Jumatatu hadi Jumapili. Baiskeli alikuwa nayo, lakini mlima wa kuja shuleni aliupanda akiisukuma, hata asubuhi za baridi, kwa kuwa hakutaka kuonekana anahema. Kanisani alikaa benchi la kwanza. Sauti yake nzito ndiyo iliyobeba nyimbo zote. Ila tukifika kwenye ile sala, pale tunapoomba tusamehewe kama nasi tunavyosamehe, midomo yake ilifungika. Wasichana tulikuwa tunamvizia. Alinyamaza maneno yale machache tu, akaingia tena mbele kidogo, kama mtu anayeruka shimo la maji njiani.

Kisa chake na fundi wa baiskeli kilijulikana soko zima. Fundi huyo alimbadilishia kengele, akaing'oa ile nzuri iliyotoka ng'ambo na kumfungia nyingine yenye kutu. Mwalimu aliona palepale. Mwaka mzima akawa anapita pale kila asubuhi na kumwamkia, "Oyawore, fundi," naye fundi anaitika kwa furaha. Mwaka ulipokwisha, fundi akataka kibanda kikubwa zaidi sokoni na akahitaji mtu wa kumwandikia barua kwa Kiingereza ipelekwe kwa mkuu wa wilaya. Alimwendea nani? Mwalimu akamwandikia barua safi, mwandiko kama wa kitabu. Ndani alieleza kwamba mwombaji ni hodari wa kubadilisha vitu vya watu, vizuri kwa vibovu, na kwamba akipewa nafasi kubwa zaidi ataweza kuifanya kazi hiyo kwa watu wengi zaidi. Fundi aliibeba barua mwenyewe, ameishika kwa mikono miwili, akasimama mbele ya meza akitabasamu huku ikisomwa.

Tulicheka sana siku ile. Mwalimu hakucheka. Alitoa kidaftari, akafuta mstari mmoja kwa kalamu.

Na mtu huyohuyo, mwenzetu Boke alipopata homa kali muhula wa pili na gari la shule likawa bovu, alimpakia kwenye baiskeli, akamfunga kwa leso mgongoni pake asianguke, akaendesha mpaka hospitali. Alikaa nje ya wodi hadi msichana alipoomba uji. Boke alikuwa Mkuria kutoka upande wa mpakani, hana ndugu karibu, wala Kiluo hakijui vizuri. Mwalimu alijifunza kumwamkia kwa Kikuria ili siku moja tu kwa wiki asijisikie mgeni. Waliokuwa wazito katika hesabu aliwaita Jumamosi, akarudia jambo lilelile mara sita bila kukunja uso. Mpaka leo sijui niviweke wapi vitu hivyo.

Alikuwa amesomea Marekani, na huko alikuwa ameigusa kompyuta. Si kuiona. Kuigusa, kuiandikia, kuisubiri ijibu. Homa Bay yetu haikuwa na kompyuta hata moja, lakini hilo halikumzuia kutufundisha. Kwanza alifundisha yaliyokuwa kwenye mtihani, haraka na bila upendo. Halafu Jumamosi alifundisha alichokipenda.

Nakumbuka somo moja kuliko yote. Alitutoa nje, akatupanga kumi mstari mmoja kando ya ukuta, kila mmoja na kibao chake cha kuandikia na alama ya mtihani imeandikwa juu yake kwa chaki.

"Nyinyi sasa ni safu," alisema. "Huyu wa kwanza ni moja, yule wa mwisho ni kumi. Mtu akitaka kujua kibao cha saba kina nini, hasemi Achieng'. Anasema saba."

Boke hakuwa kwenye mstari. Alimpa kitambaa kibichi na kipande cha chaki.

"Wewe ni karani. Programu kubwa inakutuma kazi moja tu. Pita kwenye safu. Ukikuta alama iliyo chini ya arobaini, ongeza tano. Nyingine usiguse."

Boke akapita. Alifuta vibao vitatu, akaandika upya. Vingine saba aliviacha.

"Vizuri. Amebadilisha wale aliotakiwa tu. Sasa niambieni, alama za kwanza za hao watatu ziko wapi?"

Tukautazama mkono wa Boke. Zilikuwa kwenye kitambaa.

"Hiyo ni Fortran, lugha mojawapo ya kuiandikia kompyuta," akasema. "Ukimwita karani kwa Fortran na kumtajia safu, anapewa safu yenyewe mkononi. Akigusa, kimeguswa."

Kisha akatuandikisha alama za zamani, akazinakili zote kumi kwenye karatasi, akampa Boke karatasi na kumwambia akafanyie kazi nyuma ya ukuta. Boke akarudi na karatasi imerekebishwa, watatu wameongezewa. Vibao vyetu vilikuwa vilevile.

"Na hiyo ni Algol, ukikumbuka kuweka neno moja dogo pale juu la kusema unampa thamani tu. Karani anapata nakala. Anaweza kuichafua anavyotaka, anaweza kuipoteza ziwani. Safu yako imelala salama."

Achieng', ambaye alipenda kuonyesha anayajua mambo, akauliza, "Na Kobol, Mwalimu?"

"Kobol?" Hiyo ilikuwa moja ya mara chache nilizomwona akicheka. "Kule hakuna cha kumpa karani. Wote wanaishi chumba kimoja, na kila mmoja ana kitambaa."

Tulipokuwa tunarudisha vibao alisema, bila kumtazama yeyote, "Kabla hujamwita karani, jiulize umempa kitu chenyewe au nakala. Kuna watu wamekufa kwa sababu ya swali hilo."

Tulidhani ni maneno ya walimu wa hesabu, wanaoona kifo kwenye kila kosa. Mimi nilicheka pamoja na wengine.

Sasa niseme habari ya baba yangu. Alikuwa karani wa ghala kwenye gati la Homa Bay, chini kabisa ya shule hiyohiyo, katika shirika moja lililokuwa na maghala nchi nzima na ambalo limekwisha kufa siku nyingi. Mwaka mmoja kabla sijaingia kidato cha kwanza, ilimjia barua ya uhamisho. Alikuwa ameitazamia. Kila mwenye miaka mitatu kituoni alisogezwa kituo kimoja mbele katika orodha yao, na kilichofuata Homa Bay kilikuwa Kisumu. Mama alikwisha kuulizia nyumba kule. Barua ilisema Wajir.

Baba alipanda meli hadi Kisumu kwenye ofisi ya jimbo kuuliza. Karani wa pale alimwonyesha karatasi ndefu yenye matundu pembeni. "Imetoka kwa mashine, mzee," alimwambia. "Mashine haina jamaa wala haina adui. Nenda tu."

Akaenda. Wakati huo barabara za kaskazini zilikuwa hazipitiki ila kwa msafara wenye askari. Alipougua homa ya manjano, msafara ulikuwa umeondoka juzi yake, na mwingine haukujulikana ni lini. Barua ya kifo chake ilitufikia Karungu pamoja na barua yake mwenyewe, iliyosema anajisikia vibaya kidogo. Walimzika hukohuko wafanyakazi wenzake. Wazee wetu walifanya linalofanywa mwili ukikosekana: walikata tunda refu la mti wa yago, wakalifunga sanda, tukalizika mahali pa baba. Mama alisimama pale mpaka mwisho. Tangu siku hiyo mtu akisema kaburi la mume wako, anajibu, "Pale kuna tunda."

Nilifika shuleni na kilio hicho. Sikukizungumza na mtu. Nilifikiri hakijulikani.

Nilipokuwa karibu kumaliza kidato cha nne, Mwalimu aliniita maabara mchana, wakati wengine wako chakulani. Juu ya meza kulikuwa na bahasha kuukuu.

"Nyar Karungu, keti. Baba yako alikuwa shirika la maghala."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nami nilikuwa huko. Nairobi, kwenye mashine. Programu iliyosogeza watu niliiandika mimi."

Nakumbuka niliushika ukingo wa meza. Hakuniacha nizungumze.

"Niliiandika kwa Algol, na ilikuwa nzuri. Karani wake alipewa nakala, kwa hiyo ungeweza kuijaribu mara mia na safu isiguswe. Kisha likaja jimashine jipya lisilojua Algol. Meneja wetu akaniamuru niigeuze kuwa Fortran kwa siku mbili. Neno kwa neno. Nikamwandikia kwamba haiwezekani neno kwa neno, kwamba hii itashika safu yenyewe, na jaribio litasogeza watu. Soma alichonijibu."

Alitoa karatasi. Chini ya mwandiko wake ulikuwepo mwandiko mwingine, mkubwa, wa wino mwekundu: *Nakili kama ulivyoambiwa. Usinifundishe kazi.* Na sahihi.

"Wakaijaribu," alisema. "Watu wakasogea kituo kimoja. Mashine ikaandika safu upya kwenye tepu. Kisha ikaja siku yenyewe, wakasogezwa tena. Wote wenye miaka mitatu, vituo viwili. Baada ya Kisumu kwenye orodha ni Wajir."

"Kwa nini hawakurudishwa?"

"Meneja alisema mashine haikosei. Miezi ilipopita na kelele zikazidi, akasema aliyekosea ni mimi. Nikafukuzwa. Yeye akapandishwa."

Nilimwuliza huyo Meneja anatoka wapi. Akasema Ndhiwa. Mtu wa kwetu kabisa, mwenye nyumba ya mabati inayoonekana kutoka barabarani, mzee wa kanisa, mfadhili wa shule. Na mwezi uliofuata angekuja kwetu kuwa mgeni wa heshima siku ya zawadi.

"Ni nani aliyemwalika?" nikauliza.

"Mimi ndiye niliyelipendekeza jina lake kwa mwalimu mkuu," akasema. Akatoa kidaftari cheusi, akakifungua ukurasa wa kwanza kabisa, akanionyesha. Kulikuwa na neno moja tu, *Meneja*, na kurasa zote zilizofuata zilikuwa zimejaa watu wengine waliokwisha kufutwa. "Sitakulazimisha. Nataka mtu wa kushika kibao cha Homa Bay."

Sikulala vizuri mwezi ule, lakini si kwa woga. Nilikuwa na njaa ya jambo lile. Nililikariri nikifua, nikila, nikisali.

Siku ya zawadi uwanja ulijaa. Lori zima lilikuja kutoka Ndhiwa na akina mama wa kanisa wamevaa sare wakimwimbia mtu wao. Meneja alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye kofia aliyoivua kwa kila mwanamke. Nilitaka awe na sura mbaya. Hakuwa nayo, na hilo liliniudhi zaidi. Alihutubia juu ya maendeleo. Alisema yeye ndiye Mwafrika wa kwanza katika shirika lao kuiongoza kompyuta, na kwamba wasichana nasi tusiiogope. Alipomwona Mwalimu kwenye safu ya walimu alisita kidogo, kisha akampungia mkono kama mtu anayepungia mtumishi wake wa zamani.

Baada ya nyimbo, mwalimu mkuu akatangaza onyesho la hesabu.

Tulisimama kumi mbele ya jukwaa na vibao vyetu. Kila kibao kilikuwa na jina la kituo na idadi ya miaka. Nyuma yetu Mwalimu alitundika karatasi kubwa yenye orodha ya vituo kwa mpangilio. Kibao changu kiliandikwa Homa Bay, miaka mitatu.

"Tunahitaji karani," Mwalimu alisema kwa Kiswahili, taratibu, wazazi wote wasikie. "Naona tunaye mtaalamu hapa. Bwana Meneja atatusaidia?"

Akina mama wa Ndhiwa wakapiga vigelegele. Angekataaje? Alishuka jukwaani akicheka, akapokea kitambaa na chaki.

"Kazi ni nyepesi, bwana. Pita kwenye safu. Mwenye miaka mitatu au zaidi, msogeze kituo kimoja mbele. Wengine usiwaguse. Hili ni jaribio tu."

Akapita. Alinifikia, akafuta Homa Bay, akaandika Kisumu kwa mkono mzuri. Alinukia sabuni ya ng'ambo. "Hongera, binti, umepata mji mkubwa," akaniambia, na watu wakacheka.

"Jaribio limekwenda vizuri," Mwalimu akasema. "Sasa fanya ya kweli. Amri ileile."

Meneja akaanza tena. Wa pili, wa nne. Aliponifikia alifuta Kisumu, akatazama orodha nyuma yangu, akaanza kuandika. W. A. J. Hapo mkono ukasimama. Aliinua macho akamtazama Mwalimu, na nikaona kwamba ameelewa. Nilikuwa karibu kiasi cha kuliona jasho linavyotoka juu ya mdomo.

"Malizia, bwana," Mwalimu alisema kwa upole. "Neno kwa neno."

Hakumalizia. Nikaichukua chaki mkononi mwake, nikamalizia mimi. Kisha nikainua kibao juu nikasema kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo:

"Huyu alikuwa aende Kisumu. Alipelekwa Wajir. Alikuwa baba yangu, na amezikwa huko. Kwetu Karungu tulizika tunda."

Mwalimu akaisoma ile karatasi, onyo lake lote, kisha maneno ya wino mwekundu, kisha sahihi. Hakuongeza lake hata moja.

Mzee mmoja wa Ndhiwa, aliyekuja na lori lile kumshangilia, aliinuka na fimbo yake. "Omera, ndugu yangu," akamwuliza, "ni wewe uliyempeleka mtoto wa watu kule?"

"Ilikuwa mashine, jaduong'."

"Sahihi hiyo ni ya mashine?"

Meneja alirudi nyuma hatua moja. Kitambaa kibichi kilikuwa bado mkononi mwake, kinadondosha maji ya chaki kwenye suruali. Akina mama wa kanisa walianza kuondoka mmoja mmoja kurudi kwenye lori, na lile lori liliondoka bila yeye.

Habari ilitembea haraka kuliko barua yoyote. Wajane na watoto wa waliosogezwa vibaya walianza kufika nyumbani kwake, wengine wametoka mbali sana. Hawakumpiga. Waliketi uani mwake kutwa, wakaondoka, wakaja wengine. Shirika lilimwachisha kazi. Kanisani benchi lake lilibaki na yeye peke yake. Mwisho alivuka mpaka akaenda kuishi Tanzania, na nyumba ya mabati ikaachwa ikiota majani.

Nikisema nilimhurumia nitakuwa naongopa. Nilipopita Ndhiwa na kuiona nyumba ile imefungwa, nilishuka nikaitazama kwa raha zangu, kama mtu anayetazama shamba lake lililozaa.

Mwalimu hakukaa sana baada ya hapo. Aliondoka mwisho wa mwaka, akaenda kuishi Muhuru Bay. Mimi nikaenda Nairobi kutoboa kadi kwenye chumba cha mashine, kisha kwa kuwa nilijua zaidi ya kutoboa, wakanipa kuandika programu. Kila nilichokijua kilitoka kwake. Nilimsifu kwa kila mtu. Nilimwandikia barua tatu, hakujibu. Miaka ya sabini ilipokuwa inaanza, ndipo ikaja yake: *Nyar Karungu, njoo. Siwezi kuandika jambo hili.*

Nilimkuta kwenye nyumba ndogo karibu na pale wanawake wanapoanika omena, dagaa wa ziwani. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba, umewekwa juu ya kigoda. Tai hakuwa nayo. Alinitazama nikiingia na hakutabasamu.

"Funga mlango. Keti. Usinijulie hali."

Nikaketi.

"Baada ya jaribio," akasema, "kabla ya siku yenyewe, orodha ilichapwa. Nilipewa mimi niikague. Niliikagua."

Nje wanawake walikuwa wanabishana juu ya nyavu. Nilisikia kila neno lao.

"Uliona wamesogea," nikasema.

"Niliona."

"Ukamwambia Meneja?"

"Sikumwambia mtu. Alikuwa amenicheka mbele ya wasichana wote wa kutoboa kadi, akaniita profesa wa makaratasi. Nikasema acha. Acha waende mara mbili, wakubwa waone, aaibike. Nilidhani itakuwa wiki moja, kisha watarudishwa. Sikujua kwamba hawatarudishwa, nyathina, mwanangu. Ningeijua hiyo ningesema."

"Orodha ulikaa nayo siku ngapi?"

"Nne."

"Baba alikuwa wa ngapi?"

"Mia mbili kumi na saba," akasema. Hakufikiri hata kidogo. Lilitoka kama jina la mtoto wake.

Nikaelewa basi na mengine. Nilimwuliza kama alijua mimi ni nani tangu mwanzo.

"Tangu siku ya kwanza, niliposoma jina la baba yako kwenye rejista. Ndiyo sababu nilikufundisha kila nilichokuwa nacho."

"Ulinifundisha nikushikie kibao."

Alifumba macho. "Na hilo pia. Nisamehe, nyathina. Sina siku nyingi."

Mtu huyu alimbeba Boke mgongoni. Mtu huyu alinipa kazi yangu, mkate wangu, kichwa changu. Nililijua hilo nikiwa nimekaa pale, na bado moyo wangu ulikuwa umefungika kama ngumi.

"Si mimi wa kuombwa," nikasema. "Kuna mjane Karungu. Twende ukamwambie."

"Mguu huu haufiki Karungu."

"Basi atakuja yeye."

"Nyar Karungu, tafadhali. Yeye usimlete."

Nilimwacha akiniita.

Wiki iliyofuata nilimleta mama kwa boti. Alivaa gauni jeusi ambalo hakuwa amelivaa tangu siku ya lile tunda. Nilikuwa nimemweleza yote nyumbani. Njia nzima aliuliza swali moja tu, tukiwa tumekaribia nchi kavu: kama mtu huyo bado anasikia vizuri kwa masikio yote mawili. Nikamwambia anasikia.

Mlangoni nilitaka kuingia naye. Alinizuia kwa mkono, akaingia peke yake, akauvuta mlango. Niliketi kwenye jiwe chini ya dirisha. Nilisikia Mwalimu akianza kusema, "Mama, nimekukosea," na mama akisema, "Subiri zamu yako." Nikasikia akivuta kigoda karibu.

Akaanza kwa jina la baba, lote, na la baba yake, na la babu yake. Akaja kwenye meno mabovu aliyokuwa nayo utotoni. Akaja kwenye ng'ombe aliyemchunga, na jinsi alivyojifunza kusoma kwa kuchungulia dirishani mwa shule, na shati alilolivaa siku alipokuja kwao kumposa. Hakupaza sauti. Hakuwa na haraka. Jua lilizunguka nyumba likafika upande wangu, wanawake wakamaliza kuanua omena, na alikuwa bado anaendelea. Nilimsikia Mwalimu akilia, kilio cha mwanamume mzee asiyezoea.

"Mama," akasema, "nakuomba. Imetosha."

"Bado," mama akamjibu. "Hapa hata mtoto wa kwanza hatujazaa."